Kadi iwe na bosi mmoja: Mixxx na sauti ya Linux kwenye shughuli za Tanga

Ukipiga muziki kwa Mixxx, programu ya DJ, juu ya Linux, kila mtu atakwambia maneno yaleyale: chagua ALSA, njia ya kuifikia kadi ya sauti moja kwa moja, zima vingine vyote, usiulize. Kwa miaka mingi ushauri huo ulikuwa sahihi kabisa. Mie siku hizi siufuati, napitia mfumo wa sauti uitwao PipeWire, na nimeona niandike sababu kwa kituo, maana wapo wadogo zangu hapa Tanga wanaoanza kazi hii na kila tukikutana swali ni hilohilo. Kueleza mambo ya bafa, ile akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huijaza kabla ya kuipitisha, huku spika zinanguruma na mtu kakushika mkono umwekee wimbo wa mama mkwe, hakuelezeki.

Mie napiga shughuli za wanawake. Kesha la hina, kumtoa mwali, singo, rusha roho za uani. Nyingi ni Ngamiani, kwenye hizi barabara zetu za namba, turubai linafunga mtaa mzima. Nyingine Makorora, Chumbageni, mara mojamoja Pongwe au Muheza. Mwanamume haingii, na fundi wa sauti karibu kila mara ni mwanamume, kwa hiyo kikiharibika kitu ni mie na bisibisi yangu. Ndiyo maana nimelazimika kuijua sauti ya Linux kuliko nilivyotaka.

Vifaa vyangu havina fahari: ThinkPad ya mtumba yenye RAM ya GB 8, Debian 12 ndani yake, kontrola (kifaa cha vitufe cha kumwendeshea DJ programu) yenye kadi ya sauti ya njia nne, miksa ndogo yenye tundu la USB, na spika za kukodi. Programu za DJ za kulipia kwa mwezi zinataka dola na zinataka Windows mpya ambayo mashine hii haiiwezi. Mixxx ni huria, ilianza mwaka 2001 kama kazi ya utafiti wa shahada ya udaktari, na mpaka leo inaendelezwa na watu wanaojitolea. Taarab, baikoko, singeli, vyote inameza.

Sasa kuhusu ugomvi wenyewe. ALSA ndiyo iliyo ndani ya keneli, kiini cha Linux, tangu keneli 2.6 ya mwaka 2003 ndiyo mfumo rasmi, nayo ndiyo inayozungumza na kadi ya sauti uso kwa uso. Tabia yake moja: ukiifungua kadi moja kwa moja, kwa jina kama hw:1,0, kadi nyingi zinampokea mteja mmoja tu, yaani programu moja. Atakayekuja wa pili anaambiwa kifaa kina shughuli. Kwa hiyo kompyuta za kawaida zikawekewa PulseAudio juu yake, ili kivinjari, kengele ya ujumbe na filamu vitoe sauti pamoja. Na watu wa studio wakawa na JACK, aliyoianzisha Paul Davis, ambayo inajali muda kuliko kitu chochote lakini haina huruma na mtu asiyejua anachofanya.

Mixxx nayo haigusi yeyote kati ya hao kwa mkono wake. Inapitia maktaba iitwayo PortAudio, na kwenye Linux PortAudio ikaipa milango miwili ya maana: ALSA au JACK. PulseAudio haikuwemo kwenye orodha. Ukichagua ALSA, Mixxx inataka kadi yote peke yake, PulseAudio nayo imeshaikalia. Waliotengeneza Mixxx wakaliziba pengo hilo kwa ujanja mdogo: faili la kuianzishia lilikuwa linaita amri pasuspender, ambayo inaiambia PulseAudio ilale mpaka Mixxx ifungwe.

Ilifanya kazi. Lakini hebu fikiria shughuli yenyewe. Saa nne usiku somo wa bibi harusi ananijia na wimbo aliotumiwa WhatsApp kutoka Mombasa, anataka niusikilize kwanza kama ndio. Nikiufungua kwenye kivinjari, kimya. Kadi imefungwa na Mixxx, kivinjari hakina pa kutolea sauti. Inabidi nichomoe hedifoni niziweke kwenye simu yake, nirudishe, na wakati huohuo wimbo unaopigwa unakaribia kuisha. Watu wa Ulaya wanaoandika miongozo ya DJ hawajui shida hii kwa sababu wao huja na nyimbo zao wenyewe.

PipeWire ndiyo iliyonibadilisha. Aliianzisha Wim Taymans wa Red Hat, mwanzoni kwa ajili ya video, baadaye ikachukua na sauti. Fedora 34 iliiweka kuwa mfumo wa sauti wa kawaida Aprili 2021, na Debian 12 ya Juni 2023 ikaja nayo kwa wanaotumia eneokazi la GNOME. Raha yake ni kwamba yeye peke yake ndiye anayeishika kadi kupitia ALSA, halafu kwa wateja anajivika sura zote: programu za PulseAudio zinamwona kama PulseAudio, programu za JACK zinamwona kama JACK. Hakuna anayelazwa. Kivinjari kinasikika kwenye hedifoni huku taarab inaendelea kwenye spika.

Kwa hiyo mie naifungua Mixxx hivi, kwenye terminali au kwenye ikoni niliyoihariri:

PIPEWIRE_LATENCY=512/48000 pw-jack mixxx

Namba hizo ni bafa ya sampuli 512, yaani vipimo vidogovidogo vya sauti, kwa kasi ya sampuli 48000 kila sekunde. Kisha ndani ya mipangilio ya vifaa vya sauti nachagua JACK. Kwenye Debian utahitaji kifurushi cha pipewire-jack, vinginevyo amri ya pw-jack haitakuwapo na JACK haitatokea kwenye orodha.

Wengi wakifika hapa hukwama kwenye njia nne. Kontrola za DJ zenye kadi ya sauti kwa kawaida zina matokeo manne: 1 na 2 ni spika, 3 na 4 ni hedifoni. Linux ikiona kadi ya matokeo manne inadhani umenunua spika za sebuleni, mbili mbele na mbili nyuma ya kochi. Inaziita mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Hedifoni zako zimekuwa spika za nyuma! Mbaya zaidi ni pale mfumo unapoamua kukufanyia hisani na kuijaza sauti ya stirio kwenye zote nne, ukasikia hedifonini kile kilekile kinachotoka nje, na wimbo unaoutayarisha husikii.

Dawa ni kufungua pavucontrol, programu ya kupangia sauti, kwenda ukurasa wa usanidi, na kwenye kontrola yako kuchagua profaili iitwayo Pro Audio. Hapo PipeWire inaacha kubuni mambo ya sebuleni. Matokeo yanakuwa AUX0, AUX1, AUX2, AUX3, uchi kama yalivyo. Mixxx ikiambiwa Main ni njia 1 na 2, Headphones ni 3 na 4, imekwisha. Ningekuwa na uwezo ningeandika jambo hili kwa chaki ukutani pale Mgandini sokoni, kwa jinsi watu wanavyorudisha kontrola dukani wakidhani ni mbovu.

Suala la pili linahusu wenye kadi mbili, na hapa ndipo nilipoachana na ALSA kwa moyo mweupe. Kila kadi ya sauti ina saa yake ya kioo inayohesabu sampuli. Kontrola inasema 48000 kwa sekunde, miksa nayo inasema 48000 kwa sekunde, na zote mbili zinakosea kidogo, kila moja kwa upande wake. Chukulia tofauti yao ni sehemu 50 katika milioni, kiasi ambacho kwa vifaa vya bei yetu hakishangazi. Hizo ni sampuli 2.4 kila sekunde. Kwa saa moja ni 8640, yaani milisekunde 180. Kesha la hina haliishi kwa saa moja.

Mixxx inalijua tatizo hili, na ukiwa kwenye ALSA ina mpangilio wa kuoanisha kadi nyingi: wa kawaida unaongeza ucheleweshaji mrefu ili kuwe na akiba, mwingine wa majaribio hauongezi, na wa tatu unazima uoanishaji. Yote matatu ni maelewano na shida. PipeWire inafanya tofauti: inachagua kadi moja kuwa dereva wa saa, na kadi nyingine inafuatishwa nayo kwa kubadilisha kasi ya sampuli kidogokidogo, muda wote, bila wewe kusikia. Hilo limewekwa mahali pake, kwenye mfumo wa sauti. Programu ya DJ haipaswi kuwa inahangaika na saa za kioo.

Na mie nahitaji kadi mbili kwa sababu ya kurekodi. Shughuli ya Tanga bila rekodi ni nusu shughuli. Kuna shangazi Muscat, kuna dada Mombasa, wote wanataka wasikie nani kapigwa kijembe na nani katunzwa. Kwa hiyo sauti ya maikrofoni ya MC lazima iingie kwenye kompyuta, nayo inatoka miksani kwa USB.

Mwanzoni niliipitisha maikrofoni ndani ya Mixxx na kuitoa tena kwenye spika pamoja na muziki, kama vitabu vinavyoonyesha. MC wetu ni mama mtu mzima, kashika maikrofoni tangu kina sisi hatujazaliwa. Alisema maneno mawili akanigeukia.

“Mwanangu, mbona sauti yanirudia kama niko kisimani?”

“Samahani mama, ongea tena kidogo nirekebishe.”

“Nitaongeaje, na mie mwenyewe najisikia wawili?”

Hana makosa hata kidogo. Sauti ikiingia inasubiri bafa ijae, ikitoka inasubiri tena. Kwa bafa ya 1024 kwenye 48000 kila upande ni milisekunde 21.3, jumla zaidi ya 42 kabla hujahesabu kadi yenyewe. Msikilizaji hagundui. Anayesema anagundua mara moja, ulimi unamgongana. Mixxx ina jibu kwenye mipangilio ya sauti, sehemu ya namna ya kusikiliza maikrofoni: kuna chaguo la kupeleka sauti ya maikrofoni kwenye rekodi na matangazo tu, huku watu wakiisikia moja kwa moja kutoka miksani. Kuna na kisanduku cha kusahihisha ucheleweshaji ili kwenye rekodi maneno yakae juu ya mdundo wake. MC akaendelea kumpasha mtu kwa raha zake. Ninavyoona, kwa mtu yeyote mwenye miksa, hakuna sababu ya kuitoa maikrofoni spikani kupitia kompyuta, hata bafa iwe ndogo vipi.

Kwani bafa ndogo ni ya nini basi? Ni ya mikono yako. Sauti hutembea karibu mita 3 na nusu kwa milisekunde 10, kwa hiyo bafa ya 512, ambayo ni milisekunde 10.7, ni sawa na kusimama hatua chache kutoka spikani. Kwa taarab ni wepesi kuliko unavyohitaji. Rekodi za zamani za Black Star na Lucky Star, magwiji wetu wa hapahapa, zilipigwa na binadamu wanaopumua. Mdundo unaenda mbele unarudi nyuma, hata kitufe cha kuoanisha hakina msaada, unaingiza kwa sikio. Milisekunde 20 pale hazimuumizi mtu.

Singeli ni habari nyingine. Kwenye mapigo 240 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 250 na nusu yake ni 125. Ukibonyeza kitufe cha kurudia kipande na sauti ikachelewa milisekunde 43, kama inavyokuwa kwa bafa ya 2048, umeshapoteza theluthi moja ya nusu pigo. Wasichana wanaocheza wanajua kabla hujajua wewe. (Usishtuke Mixxx ikikuandikia singeli ya 240 kuwa ni 120. Imehesabu pigo moja na kuruka moja. Kuna kitufe cha kuzidisha mara mbili, lakini kwa kuchanganya singeli na singeli wala haina haja.)

Mie nimetulia kwenye 512. Kwenda 256 mashine hii inaweza ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Ikiwa kwenye betri inajipunguzia kasi na sauti inaanza kutatarika. Ukitaka kujua unasimama wapi, acha kubahatisha, fungua terminali uandike pw-top. Kuna safu ya ERR. Kila sauti inapokatika kwa sababu bafa imekauka, namba hapo inapanda, na inakuonyesha ni programu gani iliyochelewa. Nafanya hivyo nyumbani, kontrola na miksa zote zimechomekwa, nyimbo mbili zinakwenda na rekodi imewashwa, na ufunguo wa sauti (keylock) umefungwa. Huo wa mwisho ndio mlaji mkubwa: ukiruhusu Mixxx ibadilishe kasi bila kubadilisha sauti ya mwimbaji, maktaba ya Rubber Band inatoa sauti safi zaidi lakini inakula prosesa, SoundTouch ni nyepesi. Kwa mashine za mtumba, SoundTouch.

Na ukiona bafa inabadilikabadilika yenyewe, huenda kuna programu nyingine imeomba bafa yake, na PipeWire ikajaribu kuwaridhisha wote. Ipigilie msumari:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 512

Ukimaliza kazi weka 0 badala ya 512, urudi kawaida.

Jambo ambalo hawalitaji kwenye maelezo ya PipeWire ni watoto. Shughuli yoyote ina watoto chini ya meza, na watoto wana miguu. Kwenye ALSA moja kwa moja, waya wa USB ukichomoka, kwangu Mixxx iliganda hapo ilipo mpaka nifungue mipangilio, nibonyeze kitufe cha kutafuta vifaa upya, nichague kila kitu tena, ukumbi mzima ukinitazama. Kupitia PipeWire wimbo unaendelea kutembea bila sauti kwa saa ya bandia, na nikiwa nimewasha qpwgraph, programu inayochora nyuzi za sauti kati ya programu na kadi, yenye ramani niliyoihifadhi, waya ukirudi nyuzi zinajiunga zenyewe. Kimya kinabaki, lakini ni cha sekunde chache, na MC anakijaza kwa kigelegele.

Sasa lawama, maana siandiki tangazo. Muunganisho huu bado ni wa kuazima. Mixxx inaongea na PortAudio, PortAudio inaongea kwa lugha ya JACK, na PipeWire inaigiza kuwa JACK. Kila daraja linadondosha kitu njiani. Kwenye qpwgraph milango ya Mixxx inaitwa out_0, out_1, out_2, out_3. Hakuna palipoandikwa ipi ni hedifoni na ipi ni ya ukumbi, ingawa Mixxx yenyewe inajua, ndiyo iliyokuuliza. Mdogo wangu mmoja aliziunganisha kinyume, wageni wakawa wanasikiliza wimbo anaoutafuta. Jina tu lingetosha. Vilevile orodha ya vifaa haijisasishi; ukichomeka kadi baada ya kuifungua programu, lazima uitafute upya, na kutafuta upya kunasimamisha muziki. Na mtu mpya akifungua ukurasa wa vifaa vya sauti anakutana na ALSA na JACK bila neno moja la kumwambia kwamba kwenye mashine yake zote mbili zinaishia kwa PipeWire au kupigana nayo.

Kama ningepewa nafasi ya kuagiza, ningeagiza Mixxx iongee na PipeWire moja kwa moja, itangaze milango yake kwa majina ya kazi: ukumbi, hedifoni, maikrofoni, rekodi. Kazi ya kila mlango anaijua DJ, inaijua na Mixxx. Wa katikati, PortAudio, ndiye asiyeijua. Ni kazi kubwa, najua, na wanaoifanya hawalipwi. Lakini kubadilisha majina ya milango pekee si kubwa, na hilo ndilo ningeanza nalo.

Kuna mashine ambayo sitakushauri haya yote. Kama unayo ya GB 2, prosesa ya zamani, kontrola moja tu ya njia nne na huna haja ya kivinjari wala kurekodi maikrofoni, daraja la ziada ni mzigo usio na faida. Hapo hata mie ningebaki na ALSA, bafa 1024, SoundTouch, na MC aongee kwenye miksa.